Fuata Kidonge: Mwongozo wa Dawa za Sonona kwa Mwanafunzi wa Uuguzi

Ukipekua mkoba wa mwanafunzi wa uuguzi utakuta madaftari matatu: la anatomia, la vipimo vya maabara na la dawa. Kila moja hukaririwa kwa ajili ya mtihani wake, kisha likafungwa. Tatizo hujitokeza siku ya kwanza wodini. Mgonjwa aliye kitandani ana ini, ana majibu ya maabara kwenye faili na ana dawa kwenye kikombe, na vyote vitatu vinahusiana saa ileile. Aliyevikariri kimoja kimoja hubaki akitazama namba zisizomwambia kitu.

Jaribu kusoma hivi: shika kidonge kimoja, ukifuate kutoka mdomoni hadi kwenye mkojo. Katika kila kituo jiulize mambo matatu. Kiungo hiki kinafanya kazi gani? Namba ipi inanieleza hali yake? Kikielemewa, mgonjwa atalalamika nini? Tutatumia dawa za sonona kwa sababu zinapita karibu kila kiungo, na kwa sababu mbili kati yake, amitriptilini na fluoksetini, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo utakutana nazo mapema. Kwenye pakiti majina hayo yameandikwa kwa tahajia ya kimataifa; kwenye chati ya dawa yanakili kama yalivyo pale, herufi kwa herufi.

Kabla ya kidonge, sikiliza

Wachache watakuja wakisema wana sonona. Utasikia, "Nina mawazo mengi," "Moyo unanienda mbio," "Mwili hauna nguvu," "Usingizi umenikimbia." Mwingine ameshazunguka zahanati kadhaa akitibiwa malaria na vidonda vya tumbo. Usimsahihishe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, halafu uliza hali hiyo ina muda gani. Ikiwa ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, hapo ndipo unapoanza kuifikiria sonona.

Kuna kipimo kisichohitaji tone la damu: dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama 10 na kuendelea zinadai tathmini kamili; 20 na kuendelea huashiria hali kali. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri liripoti zamu hiyohiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo.

Wanafunzi wengi hulikwepa swali hilo wakihofu kumpandikizia mgonjwa wazo. Hofu hiyo haina msingi: kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na wengi hupata ahueni wakiona kuna anayeweza kusikia. Anzia mbali: "Mama, katika mawazo haya, umewahi kufika mahali ukaona afadhali usingekuwepo?" Akikubali, uliza waziwazi kama amefikiria kujiua, kama ameshapanga namna, na nani anakaa naye nyumbani. Usimwahidi kuficha siri hiyo. Mwambie utamshirikisha muuguzi mkuu wa zamu, na umweleze kwa nini.

Kisha tazama faili. Yapo magonjwa yanayovaa sura ya sonona. Upungufu wa damu huleta uchovu na kukosa hamu. Kwa mwanamke asiye mjamzito hemoglobini chini ya 12 g/dL ni upungufu, kwa mjamzito chini ya 11, kwa mwanaume chini ya 13. Tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya shingo mfano wa kipepeo, ikilegea humfanya mtu azubae, anenepe, ahisi baridi na kuhuzunika; homoni ya TSH, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L, hupanda. Pia sukari iliyovurugika huchosha.

Lipo pia swali moja ambalo hakuna maabara itakayokujibia: "Uliwahi kupitia siku kadhaa hulali na wala huchoki, unaongea bila kukoma, unatumia fedha ovyo?" Mtu mwenye historia hiyo huenda ana ugonjwa wa hisia wa ncha mbili, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha kutoka huzuni hadi wazimu wa furaha. Jibu la "ndiyo" lazima limfikie daktari kabla ya dozi ya kwanza.

Kituo cha kwanza: utumbo

Serotonini hutajwa kila mara kama kemikali ya ubongo, ilhali takribani asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko utumboni, ambako huongoza mwendo wa chakula. Fluoksetini na ndugu zake, setralini, sitalopramu na paroksetini, huzuia seli kuirudisha serotonini ndani baada ya kuitoa. Utumbo huhisi mabadiliko hayo kabla ya moyo wa huzuni kuyahisi. Kichefuchefu na kuharisha kwa siku za mwanzo vinaeleweka, na mara nyingi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Mshauri mgonjwa ameze dawa pamoja na chakula.

Amitriptilini hufanya kinyume chake. Pamoja na kazi yake kuu, huziba kazi ya asetilikolini, kemikali inayolainisha na kusukuma: mate, machozi, choo, mkojo. Ndiyo maana mdomo hukauka, choo hufunga, macho hayaoni vizuri karibu, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Kila zamu muulize mambo mawili: choo umepata lini, na mkojo unatoka vizuri? Kisha papasa chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa huhisika kwa mkono.

Papo hapo kumbuka chembe sahani za damu. Haziwezi kutengeneza serotonini. Huinyonya kutoka kwenye damu na kuitumia zinaposhikamana kuziba jeraha. Fluoksetini huziba mlango huo wa kunyonyea. Matokeo yake, idadi ya chembe sahani inaweza kusomeka sawasawa, 150 hadi 400 kwa hesabu ya bilioni kwa lita, na bado mgonjwa akavuja damu tumboni, hasa akitumia pia aspirini au diklofenaki. Namba hiyo inahesabu chembe, haipimi kazi yake. Uliza kama choo ni cheusi kama lami.

Kituo cha pili: ini

Damu inayotoka utumboni hupitia kwanza kwenye ini, chini ya mbavu za upande wa kulia. Hapo vimeng'enya huivunjavunja dawa kabla haijasambaa mwilini. Kipimo utakachokiona ni ALT, ambacho katika maabara nyingi hakizidi 40 U/L au karibu na hapo. ALT ikipanda, seli za ini zinaumia na kumwaga yaliyomo ndani yake.

Lakini ALT nzuri haikuhakikishii kwamba dawa zinavunjwa kwa kasi ya kawaida. Chukua mfano wa mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku. Kliniki ya kisukari imempa amitriptilini kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, kwa ajili ya maumivu ya neva, sonona haikuhusika. Miezi miwili baadaye kliniki nyingine inamwandikia fluoksetini kwa ajili ya huzuni. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha CYP2D6, mojawapo ya vinavyoivunja amitriptilini. Sasa dozi ileile ndogo inajikusanya: mgonjwa anasinzia mchana, mdomo umekauka, moyo unadunda. ALT yake ni 25. Jibu halimo kwenye karatasi ya maabara. Limo kwenye mfuko wa plastiki wa dawa alioubeba kutoka nyumbani. Mwombe aumwage mezani, zote mzione.

Rifampisini ya kifua kikuu hutenda kinyume: huchochea vimeng'enya, na dawa kadhaa za sonona huisha nguvu upesi. Kwa mwanamke anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti hali ni tofauti tena, maana ini ndilo linaloigeuza tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu. Fluoksetini na paroksetini hulizuia kufanya hivyo. Ukiona mchanganyiko wa namna hii, usikatishe dawa kwa uamuzi wako. Piga simu kwa mfamasia au daktari, na uandike saa uliyopiga.

Kituo cha tatu: ubongo

Ndani ya shina la ubongo kuna vikundi vidogo vya seli za neva vinavyotengeneza serotonini na kusambaza nyuzi zake ubongo mzima, hadi sehemu za hisia, usingizi na hamu ya kula. Seli mbili za neva hazigusani. Kati yake kuna upenyo, sinapsi, na ujumbe huvuka kwa kemikali. Dawa huiacha kemikali hiyo ikae upenyoni kwa muda mrefu zaidi.

Badiliko hilo hutokea ndani ya saa chache. Nafuu ya huzuni huchukua wiki mbili hadi nne, pengine sita, kwa sababu ubongo wenyewe lazima ujirekebishe taratibu kufuata hali mpya. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa kwamba "serotonini yako imepungua, tunaiongeza." Sonona haijaeleweka kwa wepesi huo, na kama ingekuwa hivyo angepona siku ya pili.

Pengo hilo la wiki ndilo linalokuhusu zaidi wewe muuguzi. Nguvu za mwili na usingizi mara nyingi hurudi kabla matumaini hayajarudi. Mtu aliyekuwa hata hawezi kunyanyuka sasa ananyanyuka, na bado anataka kufa. Usifurahi haraka ukimwona amechangamka siku ya kumi. Rudia swali la tisa. Kwa vijana angalizo ni kubwa zaidi: mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wanaoanza dawa hizi, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24.

Kituo cha nne: moyo na mishipa

Amitriptilini hulegeza mishipa ya damu, na mgonjwa akisimama ghafla damu hubaki miguuni. Mpime presha akiwa amelala dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, ripoti. Mfundishe kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza, hasa anapoamka usiku kwenda chooni; huko ndiko wazee wanakovunjika nyonga.

Dawa hiyo pia hugusa umeme wa moyo. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo, QRS ya kawaida haifiki milisekunde 120, na QTc ikivuka 500 ni hatari ya mapigo kuvurugika. Sitalopramu nayo hurefusha QTc dozi inapopanda. Hapo potasiamu huwa mlinzi: kawaida yake ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L, na mgonjwa aliyeharisha au anayetumia dawa ya kukojoza anaweza kushuka chini ya hapo. Potasiamu ndogo na QTc ndefu vikikutana, moyo uko ukingoni.

Kuna kanuni moja ya usalama ambayo haina mjadala. Amitriptilini ikizidishwa huua, na huua kwa kupitia moyo. Mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua hapewi dawa ya mwezi mzima. Hupewa ya siku chache, na ndugu ndiye anayeitunza. Akiletwa aliyemeza nyingi, usitulizwe na kwamba anaongea. Hali hubadilika ndani ya saa chache. Mweke karibu na mashine ya kufuatilia moyo, fungua njia ya mshipa, fanya kipimo cha umeme wa moyo, mwite daktari.

Kituo cha tano: figo, na namba ya kutazama kwanza

Kama unaweza kukumbuka namba moja tu kutoka mwongozo huu, kumbuka sodiamu: 135 hadi 145 mmol/L.

Chini ya ubongo, hipothalamasi hutengeneza homoni inayoziambia figo zibakize maji. Dawa za kundi la fluoksetini zinaweza kuifanya itoke kupita kiasi. Figo hubakiza maji, mkojo huwa mzito, na sodiamu ya damu huzimuka kama chai iliyoongezwa maji. Walio hatarini zaidi ni wazee, wanawake, na wanaotumia haidroklorothiazaidi ya presha. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki nne za mwanzo.

Chukua bibi wa miaka 68, mgonjwa wa presha anayetumia haidroklorothiazaidi, aliyeanza fluoksetini siku kumi na mbili zilizopita. Anarudishwa na wanawe: kichwa kinamuuma, anatapika, jana alianguka, leo amewaita wajukuu kwa majina yasiyo yao. Nyumbani mmoja amesema ni uzee, mwingine amesema ni mashetani, wa tatu amesema dawa za akili zimemharibu. Wewe mpe shikamoo yake, kisha fanya kazi kwa mpangilio. Pima sukari kwanza, maana majibu ni ya dakika moja. Pima joto na presha. Omba elektroliti za haraka, utaje kwa daktari dawa hizo mbili kwa majina na siku zilizoanzwa. Sodiamu ikirudi 121, umeshaeleza sababu kabla karatasi haijafika.

Inua vizuizi vya kitanda, jiandae kwa degedege, pima kila anachokunywa na kila anachokojoa. Usikimbilie kumnywesha maji ya chumvi wala kufungulia dripu kwa kasi. Sodiamu iliyoshuka taratibu hupandishwa taratibu, kwa kawaida isizidi 8 hadi 10 mmol/L kwa saa 24, kwa sababu ikirushwa juu ghafla inaweza kuharibu utando wa nyuzi za neva katika poni, sehemu ya shina la ubongo, na mgonjwa akabaki amepooza.

Kuhusu figo zenyewe, kreatinini hukaa takriban 60 hadi 110 µmol/L kwa wanaume na 45 hadi 90 kwa wanawake. Ripoti ikija kwa mg/dL, zidisha kwa 88.4. Sukari ikija kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L. Na kila mara soma viwango vilivyochapwa pembeni mwa ripoti, maana maabara hutofautiana kidogo.

Namba ya uongo hutoka mkononi mwako

Kabla ya kuamini jibu, kumbuka damu ilivyochukuliwa. Ukichota damu kwenye mkono wenye dripu ya glukosi, utapata sukari ya juu na sodiamu ya chini ambayo mgonjwa hana. Ukivuta kwa nguvu kwa sindano nyembamba au ukitikisa chupa, chembe nyekundu hupasuka na potasiamu hupanda kwa uongo. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina EDTA yenye potasiamu. Ukimimina damu yake kwenye chupa nyingine, umemtengenezea mgonjwa dharura ya karatasi.

Na kama mgonjwa ameongezewa lithiamu, kiwango chake hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na wengi hulengwa 0.6 hadi 1.0 mmol/L. Usiiweke damu hiyo kwenye chupa ya kijani iliyopakwa heparini ya lithiamu. Utakuwa unapima chupa.

Homa ambayo si malaria

Mwaka 1952, kwenye hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, kisiwani Staten Island, New York, wagonjwa waliojaribiwa dawa iitwayo iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Dawa hiyo ilikuwa inazuia kimeng'enya kinachoharibu serotonini na wenzake, na ikawa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za sonona. Historia hiyo ina mkia mpaka leo: linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, nayo huzuia kimeng'enya hichohicho. Ikikutana na fluoksetini, serotonini inaweza kufurika. Tramadoli na pethidini, ambazo utaziona kila siku wodi ya upasuaji, zina hatari ya namna hiyo.

Dalili huanza upesi, mara nyingi ndani ya siku moja ya kuongeza dawa au dozi: jasho, homa, kutetemeka, kuharisha, kuhangaika. Kwetu hapa mtu huyo atapimwa malaria, na ni sawa apimwe. Ila wewe inua mguu wake, usukume unyayo juu kwa haraka. Ukidunda wenyewe mara kadhaa, au mboni zimepanuka na misuli ya miguu imekakamaa, zuia dozi inayofuata na umwite daktari sasa hivi. Hiyo ni sumu ya serotonini.

Maneno ya kumpa anaporuhusiwa

Yawe machache, na umwombe ayarudie kwa maneno yake.

- Fluoksetini ni asubuhi, kwa sababu inaweza kufukuza usingizi. Amitriptilini ni usiku, kwa sababu inausababisha. Anayefunga Ramadhani aulize mapema. Dozi moja kwa siku mara nyingi hupangika kwenye daku au baada ya futari.
- Usiache ghafla ukipata nafuu. Matibabu huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha hupunguzwa taratibu. Kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme baada ya kuacha ghafla havina maana kwamba umekuwa teja.
- Pombe na amitriptilini havikai pamoja. Mirungi nayo huongeza mapigo na kuondoa usingizi unaoutafuta.
- Usinunue dawa ya maumivu dukani bila kusema unachotumia.
- Ukipata ujauzito, njoo kwanza, usiache dawa kimyakimya. Anayenyonyesha naye ana machaguo. Setralini hutumika mara nyingi.
- Mawazo ya kujiua yakirudi, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku.

Mwisho, jizoeze na mgonjwa mmoja kwa kila zamu. Chagua dawa moja kwenye chati yake, chora mstari kutoka mdomoni hadi kwenye mkojo, na kwenye kila kituo andika namba moja na swali moja la kumuuliza. Palipo na pengo, ndipo pa kufungua kitabu jioni. Baada ya zamu kumi utakuwa na daftari moja tu, na hilo ndilo utakalolitumia kazini.